Khutba ya Ijumaa kwa Waumini wa Kimbo: Mkataba Ulio Nyuma ya Kila Shilingi

Khutba ya kwanza

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyewafungulia waja Wake milango ya biashara na kuwafungia mlango wa riba, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), aliyejulikana sokoni kwa uaminifu kabla ya kujulikana kwa utume, pamoja na jamaa zake na masahaba wake wote. Waumini wanausiwa kumcha Mwenyezi Mungu, na wa kwanza kuusiwa ni huyo anayehutubu, katika swala zao, katika nyumba zao, na katika jambo ambalo wengi huliacha nje ya mlango wa msikiti pamoja na viatu vyao, nalo ni jambo la fedha.

Kimbo imekaa kando ya barabara kuu ya Thika, baina ya mji wa Ruiru na Juja, na tangu barabara hiyo ipanuliwe na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, mashamba ya eneo hili yamezidi kukatwa ploti, nyumba za kupangisha zimesimama ukuta kwa ukuta, na watu wameongezeka kiasi kwamba sensa ya mwaka 2019 iliuhesabia mji wa Ruiru wakazi 490,120. Miongoni mwa wakazi hao yumo kibarua wa kiwandani, yumo mwendesha boda boda, yumo mama mwenye kibanda cha mboga, yumo mwanafunzi anayesubiri fedha za nyumbani, na yumo aliyestaafu akaja kujenga. Fedha haikosi kupita mikononi mwa watu hawa. Kinachokosekana ni ujuzi wa yale yanayoipata fedha hiyo baada ya kutoka mkononi, kwa sababu mtu huuliza itazaa kiasi gani na itazaa lini, na asiulize imetoka kwa mkataba gani, ilhali fiqhi ya muamala, yaani elimu ya Sharia inayohusu mapatano ya mali, huanza na swali hilo la mkataba, na jibu lake ndilo linaloamua nani atabeba hasara, nani ana haki ya faida, na kama faida yenyewe ni halali.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika Sahihi ya Bukhari, katika habari za Zubayr bin al-Awwam (r.a.), mtoto wa shangazi yake Mtume (s.a.w.), aliyeuawa mwaka 36 Hijria. Watu walimwamini hata wakawa wanampelekea mali zao awawekee, naye alikataa kuzipokea kama amana, akawa anazipokea kama mkopo, kwa kuchelea zisije zikapotea. Tofauti ya mikataba hii miwili ni kubwa. Amana ni kitu kinachowekwa kwa mtu akitunze kama kilivyo, bila kukitumia, na kikipotea pasipo uzembe wake, mwenye mali hana la kumdai. Mkopo, ambao mafakihi huuita karadha, unakuwa mali ya aliyekopa, anaweza kuutumia katika shughuli zake, lakini uko shingoni mwake hata pakitokea wizi au moto, na hauna budi kurudishwa kamili. Zubayr alichagua mzigo mzito zaidi ili mali za watu ziwe salama zaidi, na alipofariki deni lililohesabiwa juu yake lilikuwa milioni mbili na laki mbili, huku yeye akiwa hakuacha dinari wala dirhamu, ila ardhi na majumba.

Fedha iliyomo katika akaunti ya kawaida ya benki ina sura hiyo hiyo. Benki haiifungii sandukuni ikiwa na jina la mwenyewe juu yake, bali huichanganya na fedha za wengine, huikopesha wafanyabiashara na serikali, na kubakisha sehemu tu ya kuwalipa wanaokuja kutoa, kwa hiyo mwenye akaunti, apende asipende, ameikopesha benki, na yeye ni mdai wake. Kutoka hapa yanafahamika mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba ziada yoyote ambayo benki inamwahidi kwa ajili ya mkopo huo ni riba, kwa sababu riba ya deni, kwa maelezo mafupi, ni ziada iliyowekwa kama sharti juu ya mkopo, iwe kubwa au ndogo, alipe tajiri au alipe maskini. La pili ni kwamba mdai anaweza kukosa, na jambo hili Wakenya waliliona kwa macho kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, pale benki tatu, Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank, zilipowekwa chini ya usimamizi moja baada ya nyingine, na wateja wakakuta milango imefungwa. Wakati huo Shirika la Bima ya Amana lilikuwa likimhakikishia kila mteja shilingi 100,000 tu, na kiwango hicho kilipandishwa hadi shilingi 500,000 mwezi Julai 2020. Mwenye zaidi ya hapo katika benki moja anapaswa kujua kwamba kilichozidi hakina kinga hiyo. Kinga hii iko kwenye benki zilizopewa leseni na Benki Kuu. Haiko kwa mtu wa mtaani anayekusanya fedha na kuandika kwenye daftari, hata akiwa mtu wa swafu ya kwanza.

Upande wa pili wa jambo hili ni pale mkazi wa Kimbo anapokuwa yeye ndiye mkopaji, na leo mkopo haumtaki hata atoke kitandani. M-Shwari ilianzishwa Novemba 2012 na Safaricom pamoja na Commercial Bank of Africa, ambayo sasa ni NCBA. Fuliza, inayomruhusu mtu kulipa kwa simu zaidi ya alichonacho, ikaja Januari 2019. Na pamoja nazo zimekuja programu za mikopo zisizohesabika, hata ikabidi Benki Kuu ipewe mamlaka ya kuzisimamia na kutoa kanuni zake mwaka 2022. Mfano wa mama wa kibanda unatosha kuonyesha hesabu ilivyo. Anachukua shilingi 4,000 za M-Shwari kununua mboga na nyanya, anatozwa asilimia 7.5, yaani shilingi 300, na anatakiwa kulipa ndani ya siku 30. Shilingi 300 haimtishi mtu. Lakini mtaji wake hautoshi mwezi unaofuata pia, anakopa tena, na akiendelea hivyo mwaka mzima atakuwa amelipa shilingi 3,600 kwa ajili ya zile zile 4,000, na bado hana mtaji wake mwenyewe. Ndiyo maana kiwango cha mkopo lazima kisomwe pamoja na muda wake, kwa kuwa asilimia 7.5 kwa mwezi na asilimia 7.5 kwa mwaka ni vitu viwili vilivyo mbali sana, na tangazo linalotaja asilimia bila kutaja muda halijaeleza kitu.

Hoja inayosikika mara nyingi ni kwamba tozo hiyo si riba bali ni ada ya huduma. Hoja hii ina majibu yake katika maamuzi ya Jopo la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jeddah, ambalo mwezi Desemba 1985 liliamua kwamba ziada ya benki juu ya mkopo ni ile ile riba iliyoharamishwa, na mwaka uliofuata, katika kikao cha Amman, likaruhusu anayekopesha atoze gharama halisi za kazi ya kukopesha, na kukataza kinachozidi gharama hizo. Kipimo kwa hiyo si jina lililoandikwa kwenye ujumbe wa simu. Kazi ya kumtumia mtu shilingi 40,000 haina gharama mara kumi ya kazi ya kumtumia 4,000, maana mtambo ni ule ule na ujumbe ni ule ule, na ada inayopanda pamoja na kiasi cha mkopo, tena ikaongezeka mkopo ukirefushwa, imekuwa bei ya fedha na muda. Wapo pia wanaosema kwamba Hustler Fund, iliyozinduliwa na serikali tarehe 30 Novemba 2022 kwa asilimia 8 kwa mwaka, ni nafuu mno kuitwa riba. Ni kweli kwamba ni nafuu, na anayeilinganisha na mikopo mingine ya simu ataona tofauti iliyo wazi, lakini katazo la riba halikuwekewa kiwango cha chini. Bilal (r.a.) alipobadilisha pishi mbili za tende hafifu kwa pishi moja ya tende nzuri, bila nia mbaya yoyote na kwa ajili ya kumlisha Mtume (s.a.w.), aliambiwa kwamba hiyo ndiyo riba yenyewe, na akaelekezwa auze zile hafifu kwa fedha kisha anunue nzuri kwa fedha hiyo.

Maelekezo hayo aliyopewa Bilal yanafaa kuzingatiwa sana, kwa sababu hakukatazwa akaachwa hivyo hivyo, bali alionyeshwa njia. Kumkataza mtu mkopo wa simu na kumwacha mtoto wake mgonjwa na kodi ya nyumba imefika ni nusu ya nasaha. Njia ya kwanza ni akiba ya dharura, yaani fedha isiyokusudiwa kuzaa bali kukaa karibu, iliyotengwa mahali ambapo haiguswi kwa soda wala kwa kiatu, na lengo lake ni kufikia matumizi ya lazima ya miezi mitatu hivi, japo anayeanza na shilingi 50 kwa siku ameanza, kwa kuwa ndani ya mwezi anayo 1,500 na ndani ya miezi mitatu anayo 4,500, ambayo inazidi ule mkopo wa mama wa kibanda. Surat Yusuf inasimulia jinsi Nabii Yusuf (a.s.) alivyopanga mavuno ya miaka saba ya neema yawavushe watu miaka saba ya ukame, na kilichowaokoa watu hao ni kuhifadhi mapema, wakati bado ghala zinajaa.

Njia ya pili ni chama, na hapa Waislamu wa Kimbo wanapaswa kujua kwamba wana asili ya kujivunia. Al-Qalyubi, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafii wa karne ya 11 Hijria, ameeleza juu ya desturi ya wanawake waliokuwa wakitoa kila mmoja kiasi maalumu kila Ijumaa au kila mwezi na kumkabidhi mmoja wao, zamu kwa zamu mpaka wa mwisho, akasema kwamba desturi hiyo inajuzu, na akainasibisha kauli hiyo na al-Wali al-Iraqi aliyemtangulia. Chama cha mzunguko kinachokutana Jumapili hii katika nyumba ya kupangisha ya Kimbo ni kitu hicho hicho. Mkataba wake ni karadha: anayepokea mwanzo amekopeshwa na wenzake, na anayepokea mwisho amewakopesha wenzake, wala hakuna anayepata zaidi ya alichotoa. Uharibifu huingia kwa milango miwili midogo. Mmoja ni chama kuanza kuwakopesha wanachama fedha za mfuko kwa asilimia 10 kwa mwezi, kisha kugawana tozo hizo mwezi Desemba na kuziita faida. Wa pili ni faini ya kuchelewa, ambayo ikigawanywa kwa wanachama inakuwa ziada juu ya deni, na suluhisho ambalo wanazuoni wengi wa zama hizi wamelikubali ni faini hiyo itolewe yote kwa maskini, ili ibaki kuwa adhabu kwa mzembe bila ya kuwa pato kwa mwenzake.

Baada ya akiba ndipo huja uwekezaji, yaani kuitoa fedha katika shughuli yenye kutarajiwa faida na yenye kuweza kuleta hasara. Haja yake ni ya kweli, kwa kuwa fedha iliyolala hupungua hata isipoguswa. Mfumuko wa bei, ambao ni kupanda kwa bei za vitu kwa jumla, ulifika asilimia 9.6 nchini Kenya mwezi Oktoba 2022, maana yake ni kwamba bidhaa zilizogharimu shilingi 10,000 mwaka mmoja nyuma zilitaka karibu 10,960. Zaka nayo huchukua moja katika arobaini kila mwaka kwa mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango kinachoiwajibisha, na imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) aliagiza mali ya mayatima ifanyiwe biashara isije ikaliwa na zaka.

Mkataba wa asili wa uwekezaji katika Uislamu ni mudharaba, ambao mmoja hutoa mtaji na mwingine hutoa kazi, faida wakagawana kwa sehemu waliyokubaliana, kama nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi mbili, na hasara ikitokea bila uzembe, mwenye mtaji amepoteza mtaji na mfanyakazi amepoteza jasho lake. Kwa sura iliyokaribia hii Mtume (s.a.w.) alisafiri Sham na bidhaa za Bi Khadija (r.a.). Wakitoa mtaji wote wawili unakuwa musharaka, na hapo hasara hugawanywa kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja. Kuna sharti moja ambalo mafakihi wote wamelishikilia: faida haiwezi kuahidiwa kama kiasi maalumu kisichobadilika, wala mtaji hauwezi kuhakikishiwa, kwa sababu aliyehakikishiwa mtaji wake pamoja na ziada hakushiriki katika biashara, amekopesha kwa riba.

Sharti hili lina faida ya dini, na lina faida nyingine ya dunia inayofaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa lingetosha peke yake kuwaokoa maelfu ya watu. Karibu kila mradi wa upatu wa kitapeli uliopita Kenya uliahidi faida maalumu kwa muda maalumu. Mradi wa DECI uliokusanya fedha za watu kwa jina la maendeleo mpaka mwaka 2007 ulienea kwa kupitia nyumba za ibada, na jopo lililoundwa na serikali kuchunguza miradi ya aina hiyo lilikuta Wakenya zaidi ya 148,000 wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Hakukuwa na biashara nyuma yake. Aliyeingia jana alilipwa kwa fedha ya aliyeingia leo. Hesabu ya mpango kama huo ni rahisi kuifuata. Ikiwa kila anayeingia analazimika kuleta watu watano, ngazi ya kwanza ina watu 5, ya pili 25, ya tatu 125, ya nne 625, ya tano 3,125, ya sita 15,625, ya saba 78,125 na ya nane 390,625, na wote kwa pamoja, ukimjumlisha mwanzilishi, ni watu 488,281. Hao ni takriban wakazi wote wa Ruiru waliohesabiwa mwaka 2019, pamoja na watoto wachanga. Ngazi ya tisa haina mtu wa kuletwa, na wale laki tatu na tisini elfu wa ngazi ya nane, ambao ni wengi kuliko wote waliowatangulia wakikusanywa, hawana wa kuwalipa. Uongo wake haungoji mwanzilishi atoroke, umo ndani ya hesabu tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana aliyelipwa mwanzo akaja kuwashuhudia jirani zake kwamba mpango huo unalipa, ameshuhudia kitu alichokiona kweli na bado amewapoteza. Mbinu zimebadilika jina, leo zinakuja kwa makundi ya simu na picha za sarafu za kidijitali, lakini swali la mkataba linazikamata zote: fedha hii inaingia katika biashara gani, na biashara hiyo ikipata hasara nani atakayeibeba?

Kwa upande wa ununuzi wa vitu vikubwa, kama pikipiki ya boda boda, mkataba mbadala ni murabaha. Mteja huomba pikipiki. Benki huinunua kwa muuzaji, ikawa mali ya benki, kisha humuuzia mteja kwa bei ya juu inayojulikana na wote wawili, na kulipwa kwa mafungu. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba benki imenunua kwa 160,000 na kuuza kwa 200,000 kwa miezi kumi na minane, deni ni 200,000 na litabaki 200,000 hata mwenye pikipiki akichelewa. Huduma za benki za Kiislamu hazikuwapo nchini mpaka Barclays ilipofungua akaunti zake za La Riba mwishoni mwa 2005, na benki kamili za Kiislamu zilianza mwaka 2008, Gulf African Bank na First Community Bank, hii ya pili ikiwa imenunuliwa sehemu yake kubwa na Premier Bank ya Somalia mwaka 2023. Hata hivyo, jina la Kiislamu juu ya mlango halimwondolei mteja jukumu la kuuliza. Je, benki iliimiliki pikipiki hiyo kabla ya kuiuza, au mteja alikabidhiwa fedha taslimu akatia sahihi karatasi ya murabaha? Tozo ya kuchelewa inakwenda wapi? Afisa wa benki anayeudhika kwa maswali haya ameshajibu.

Juu ya hisa za soko la Nairobi itoshe kusema kwamba hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni, kwamba inajuzu kununua ya kampuni yenye shughuli halali kwa masharti waliyoyaeleza wanazuoni kuhusu madeni ya riba ya kampuni hiyo, na kwamba kosa kubwa zaidi la wananchi lilikuwa kununua kwa mkopo. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5, watu wengi wakakopa benki wapate kununua wakidhani zitapaa, na ndani ya mwaka mmoja bei ikawa imeshuka chini ya shilingi 3 na riba ya benki ikiendelea kudaiwa. Hati za serikali nazo ni mkopo kwa serikali wenye ziada, kwa hiyo hukumu yake ni ile iliyotangulia. Sukuk, ambayo ni hati ya umiliki wa mali halisi yenye kuleta kodi au faida, ilianza kuorodheshwa Nairobi mwezi Julai 2023 kwa Sukuk ya Linzi ya shilingi bilioni 3 iliyokusudiwa ujenzi wa nyumba, na ni mlango ambao bado ni mwembamba kwa mwenye kipato kidogo.

Mengi zaidi yanahitaji kusemwa juu ya ardhi, maana ndiyo uwekezaji unaoaminiwa Kimbo kuliko wote. Zubayr (r.a.) alikuwa ameinunua ardhi ya al-Ghaba kwa laki moja na sabini elfu, na mwanawe Abdullah akaiuza kwa milioni moja na laki sita ili kulipa deni la baba yake, kwa hiyo kupanda kwa thamani ya ardhi si jambo geni wala la kulaumiwa. Linalolaumiwa ni kununua kisichokuwa cha muuzaji, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam (r.a.) alipokuwa akiuza kitu ambacho hajakipata. Katika Ruiru na Juja ziko ploti zilizouzwa kwa cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi au kwa karatasi ya kura ya ugawaji wa ploti tu, na ploti moja ikauzwa kwa watu wawili au watatu kila mmoja akiwa na karatasi yake halali machoni pake. Mnunuzi anapaswa kufanya upekuzi rasmi katika afisi ya usajili wa ardhi ili aone jina la mwenye hatimiliki na kama imewekwa rehani benki, kumleta mpimaji amwonyeshe mawe ya mipaka, kupata idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi pale inapohitajika, na kulipa kwa njia inayoacha alama badala ya noti mkononi mwa wakala chini ya mti. Na akumbuke kwamba ardhi haigeuki fedha kwa siku moja. Aliyeweka kila alichonacho katika ploti na asibakishe akiba ya dharura atajikuta anakopa kwa simu huku akiwa na mali ya laki nyingi, au anaiuza kwa bei ya kutupa siku mtoto anapolazwa.

Mwenye kuhutubu anamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yake na kwa ajili ya Waislamu wote, nao wamwombe msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Khutba ya pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuyashuhudisha, na yenye kufungamana nayo, aya ya 280, inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja, kwa sababu anayedai akiwa na maandishi hana haja ya kelele, na mdaiwa anayejua deni lake limeandikwa hana haja ya kujificha.

Abdullah bin Zubayr (r.a.) alipokwisha kulipa madeni aliyoyajua, ndugu zake wakataka urithi wao, naye akakataa kugawa mpaka atangaze kwa misimu minne ya hija kwamba yeyote anayemdai Zubayr na aje alipwe. Warithi wa leo hawajui hata pa kutangaza. Mtu anafariki, simu yake ina namba ya siri asiyoijua mkewe, ana akiba sacco, ana fedha M-Pesa, anadaiwa na chama na anadai watu watatu, na hakuna mstari mmoja ulioandikwa. Fedha nyingi za aina hiyo huishia katika Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambako warithi wanaweza kuzifuata ikiwa wanajua kwamba zipo, na wengi hawajui. Mtume (s.a.w.) amehimiza kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale nyusiku mbili bila wasia wake kuandikwa, na daftari la kurasa chache linatosha: akaunti zilizopo, anachodai na anachodaiwa, nyaraka za ardhi ziko wapi, na mashahidi wawili wa kila deni.

Jambo moja linakosewa hata na wenye kuandika. Mwanachama anapojiunga na sacco huombwa ataje mtu atakayelipwa akifa, naye humtaja mke mmoja, au kaka, au mtoto mkubwa, na baada ya mauti mtajwa huchukua zote akidhani ameachiwa yeye. Kwa Sharia aliyetajwa ni mpokeaji tu kwa niaba ya wenzake. Fedha ni ya urithi, hulipwa kwanza gharama za mazishi na madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha mafungu ya Surat an-Nisa, na mama wa marehemu aliyeko Isiolo au Lamu ana sehemu yake hata kama jina lake halimo katika fomu. Mwenye kuona utata katika mgawanyo aupeleke kwa Kadhi kabla fedha hazijaguswa, na mwenye fomu iliyojazwa miaka mingi nyuma aende afisi ya sacco wiki hii alisome tena jina lililomo, kisha awaambie wa nyumbani kwake.

Mwenyezi Mungu anaombwa awalipie Waislamu wa Kimbo madeni yao, awarudishie waliodhulumiwa akiba zao, aziweke halali biashara zao ndogo na kubwa, na awarehemu waliotangulia mbele ya haki na madeni yao hayajalipwa, awajaalie warithi wenye subira ya Abdullah bin Zubayr. Amin.